Tangi la vepu huchaguliwa kuanzia kwenye koili

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia dukani kwangu hapa Mombasa na tangi lake la vepu (ile sigara ya umeme), yaani kichupa kinachobeba juisi ya kuvuta, amelizungushia karatasi za chooni kama mtu anayeuguza kidole. Hata salamu hakuimaliza.

"Fundi, nimeuziwa mali mbovu. Nimepanda nalo treni ya asubuhi zima kabisa, nashuka Nairobi mfuko wa suruali umelowa chapachapa."

"Hebu lete tulione."

Nililifungulia juu ya kitambaa cheupe, maana kitambaa cheupe hakifichi tone. Kioo kilikuwa kizima. Pete za mpira zote zimekaa mahali pake, hakuna iliyokatika wala kujikunja. Koili, kile kipasha joto kinachogeuza juisi kuwa mvuke, ni mpya, ya wavu, omu 0.2. Nikanusa juisi, kisha nikamwomba chupa yake: chumvi ya nikotini (aina ya nikotini isiyokwaruza sana koo), miligramu 20 kwa kila mililita, na ukiitikisa inacheza kama maji ya kunywa. Hapo nikajua tangi halina kosa lolote. Juisi ni nzuri, koili ni nzuri, tangi ni zuri. Vilichokosa ni kuelewana.

Kesi ya namna hii naipokea karibu kila wiki, na karibu kila mara mwenyewe ananiambia alilipenda tangi kwa sura: rangi, upana wa kioo, mililita ngapi linabeba. Mimi sura naitazama mwisho. Tangi ni chupa tu yenye matundu ya hewa. Kazi inafanywa na koili iliyomo ndani, na koili unaichagua kwa namna unavyovuta.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja. Haya nawaandikia wavuta sigara waliokwisha kuamua kuhama, kama nilivyohama mimi baada ya miaka 14 ya kununua mojamoja kibandani. Kama huvuti, usianze kwa vepu. Na wewe mwenye chini ya miaka 18, dukani kwangu hutauziwa hata pete ya mpira.

Sasa, unavutaje? Swali hili namuuliza kila mgeni, na wengi hunitazama kana kwamba nimewauliza wanavyopumua. Mtu wa sigara huvuta kwa hatua mbili: anakusanya moshi mdomoni, mashavu yanaingia ndani kidogo, halafu ndipo anaushusha kifuani. Mtu wa shisha huvuta pumzi moja ndefu kutoka kwenye bomba mpaka mapafuni bila kituo. Shisha ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017, lakini mapafu ya walioizoea hayakupigwa marufuku, na nikimpa mmoja wao tangi la mvuto wa sigara ananirudishia palepale: "Limeziba hili." Halijaziba. Ndivyo lilivyotengenezwa, matundu yake ya hewa ni madogo ili uhisi ukinzani ule ule wa sigara. Mvuta sigara naye akipewa tangi la shisha hukohoa mpaka machozi yamtoke, kisha anarudi kibandani na kusema vepu hazimfai.

Ukishajua mvuto wako, namba ya omu inajileta yenyewe. Omu ni kipimo cha jinsi waya unavyoukatalia umeme kupita. Chukua betri ya volti 3.7 uiunganishe na koili ya omu 1.2: utapata ampea 3 na kidogo, sawa na wati 11 hivi. Mvuke mchache, wa uvuguvugu, unaotosha mvuto wa sigara. Betri ile ile ukiiwekea koili ya omu 0.2 itatoa ampea 18.5, wati 68. Hilo ni jiko jingine kabisa. Linahitaji hewa nyingi ili lipoe na juisi nyingi ili pamba inayoinyonya na kuilisha koili isikauke, ndiyo sababu matangi ya koili hizo yana matundu mapana na kioo kikubwa. Na linahitaji betri inayoweza kutoa ampea hizo bila kupata homa. Kifaa chenye kidhibiti chake cha umeme hupima koili chenyewe na kukataa hatari. Vile vya bomba tupu, betri imegusana na koili bila kitu katikati, mimi siviuzi, na mtu akiniletea betri iliyochunika ganda lake la plastiki simrudishii mpaka nimeibadilishia hilo ganda.

Kwa kifupi: mvuto wa sigara ni koili ya omu 0.8 kwenda juu, na mvuto wa shisha ni omu 0.5 kushuka chini. Katikati hapo kuna watu wanaopenda uhuru kidogo wa hewa, nao wana koili zao. Koili yenyewe imeandikwa ubavuni wati inazotaka. Iamini kuliko muuzaji.

Juisi ndiyo inayowaangusha wengi. Karibu yote ni mchanganyiko wa vimiminika viwili: propilini glikoli, ambayo ni nyepesi na hubeba ladha, na gliserini ya mimea, ambayo ni nzito na ndiyo hutoa wingu. Nusu kwa nusu ni nyepesi. Gliserini asilimia 70 ni nzito, inashuka kwenye chupa polepole kama asali ya mvua. Koili ndogo ya mvuto wa sigara ina vitundu vidogo vya kunyonyea. Ukiipa juisi nzito, pamba inakauka kabla haijanywa tena, na utavuta ladha ya kitambaa kilichoungua. Hiyo ladha ukiionja mara moja huisahau. Koili kubwa ina vitundu vipana, na ukiipa juisi nyepesi inafurika. Utasikia inagugumia kama kiko cha maji, kisha itatiririka kupitia matundu ya hewa mpaka mfukoni.

Na hapa Pwani kuna kitu ambacho maelezo ya kwenye boksi hayakitaji: joto. Gliserini hupata wepesi ikipashwa. Juisi iliyo sawa ndani ya chumba chenye kipoza hewa itakuwa nyepesi mno baada ya saa moja kwenye matatu ya mchana. Mteja wa Nairobi anayelalamikia pamba kukauka asubuhi ya Julai, na mteja wa Mombasa anayelalamikia kufurika Februari, huenda wana tangi moja na juisi moja. Kwa hiyo wa huku, kwa koili kubwa, nawapa asilimia 70 au zaidi ya gliserini bila kusita. Kwa koili ndogo nusu kwa nusu inatosha, ila tangi lisiachwe juani.

Nikotini nayo ina hesabu yake. Mtu wa koili ndogo akitumia mililita 2 kwa siku za miligramu 18, amepitisha miligramu 36. Mtu wa koili kubwa akitumia mililita 10 za miligramu 3, amepitisha miligramu 30. Nikotini wanakaribiana, lakini wa pili amemaliza chupa nzima. Ushuru wa bidhaa wa Kenya unatozwa kwa mililita, si kwa miligramu, kwa hiyo wingu kubwa unalilipia wewe. Wateja wangu wengi waliotaka tangi kubwa "ili nisijaze mara kwa mara" waligundua kwamba wanajaza mara nyingi zaidi kuliko rafiki yao mwenye tangi la mililita 2. Na yule aliyetia juisi ya miligramu 20 kwenye koili ya omu 0.2, kama kijana wangu, hupata kizunguzungu na kichefuchefu kwa mivuto michache tu. Nilimuuliza. Akasema ndiyo, alidhani ni njaa.

Turudi kwenye mfuko uliolowa. Juisi haimwagiki kutoka tangini kwa sababu mbili: pamba iliyolowa imeziba vitundu vya koili, na hewa iliyofungiwa juu ya juisi ina msukumo mdogo kidogo kuliko hewa ya nje, kama unavyoziba mrija wa soda kwa kidole. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na huko msukumo wa hewa ya nje umepungua karibu moja ya tano. Kijana alipanda treni na tangi nusu. Ile nusu tupu ilikuwa imejaa hewa ya Mombasa, na kadiri treni ilivyopanda, hewa ile ilijitanua na kutafuta pa kutokea. Chini yake kulikuwa na juisi, na chini ya juisi kulikuwa na koili yenye vitundu vipana na kimiminika chepesi. Imesukuma tu.

Dawa yake ni rahisi. Jaza tangi hadi juu kabisa ili hewa iwe kidogo, au limwage kabisa. Kama huwezi, safiri nalo kichwa chini. Likiwa hivyo, hewa inakaa kwenye vitundu vya koili na kutoka yenyewe, juisi inabaki upande wa mdomo. Kwenye ndege ni vivyo hivyo, na huko kifaa kinakaa nawe kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye begi la chini, kwa sababu ya betri.

Kosa dogo linalofanana na hilo ni kujaza huku matundu ya hewa yakiwa wazi. Ukifungua kifuniko, ule msukumo mdogo uliokuwa ukishikilia juisi unapotea papo hapo, na inaanza kuzama kwenye koili. Funga pete ya hewa, jaza, rudisha kifuniko, fungua. Matangi yenye matundu juu, karibu na mdomo, huvuja mara chache zaidi, na kwa mtu msahaulifu ndiyo ninayopendekeza, ingawa ladha yake naiona imefifia kidogo.

Koili mpya itonezee juisi moja kwa moja kwenye pamba, matone manne au matano, kisha jaza tangi uliache dakika kumi. Ukiwasha kabla, umeiua siku ya kwanza. Juisi tamu sana nazo huua koili: kile kitamu bandia hakigeuki mvuke, kinabaki kwenye waya na kuwa kaa jeusi. Na kama unapenda mdalasini, limau au mnanaa, chukua tangi la kioo. Ladha hizo hupasua plastiki za aina fulani, nyufa nyembamba kama nywele, ambazo huzioni mpaka meza imelowa.

Jambo la mwisho ninalolitazama kabla sijauza tangi ni koili za akiba. Tangi ambalo koili zake hazipatikani mjini litakuwa pambo baada ya wiki tatu. Podi za kujaza, vile vikopo vidogo vyenye koili yake ndani, ni nafuu na hazisumbui, na kwa anayeacha sigara leo huenda ndizo zinamfaa kuliko tangi lolote.

Kijana wangu aliondoka na tangi la mililita 2, koili ya omu 1.0, na chupa yake ile ile ya miligramu 20, ambayo sasa imepata mwenziwe. Tangi kubwa aliliacha kwenye droo yangu, akasema atalirudia akipata juisi nzito. Bado liko pale, limefungwa kwa karatasi zake.