Kapasita ya bei mbaya haiponyi spika iliyokosewa hesabu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliniletea karakanani spika mbili alizojitengenezea nyumbani. Wufa, yaani spika ya sauti nzito, ya inchi sita na nusu, twita, ile ndogo ya sauti za juu, ya kitambaa cha hariri, boksi la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18 lililopigwa msasa na rangi mpaka linang'aa. Kazi ya mikono nzuri kabisa. Akaniambia, "Fundi, zinachoma masikio, halafu sauti ya mtu haina mwili. Nimeshanunua kapasita za ukweli, wewe nifungie tu." Akatoa kwenye mfuko kapasita mbili za polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki, nene kama betri za tochi kubwa. Nikamuuliza bei. Kwa fedha ile angepata wufa mbili bora kuliko alizofunga.

Huyu ni wa tano mwaka huu. Wote wana bajeti ndogo, na wote wameambiwa kwamba ubora umejificha ndani ya kapasita. Inaniuma, kwa sababu fedha hizo watu wanazitafuta kwa jasho.

Dhana: Ukiweka kapasita ya bei ghali, spika ya bei nafuu inasafika sauti

Kapasita iliyo kwenye njia ya twita ina kazi moja: kuzuia sauti nzito zisipite. Inaanza kuzuia wapi? Hilo linaamuliwa na thamani ya kapasita na ukinzani wa twita. Mikrofaradi 4.7 kwenye twita ya omu 8 zinakupa hezi 4,200 hivi. Ziwe za bei ya chapati, ziwe za bei ya mbuzi, hesabu ni hiyohiyo.

Najua jibu: "Lakini fundi, mimi nilibadilisha nikasikia tofauti." Sikatai, huenda ulisikia. Tuulizane ulisikia nini.

Kama ulitoa kapasita ya elektroliti, ile yenye majimaji ndani, iliyokaa miaka ishirini, ile ilikuwa imekauka na thamani yake imehama. Kapasita yoyote mpya yenye thamani sahihi ingekusaidia. Hata elektroliti mpya inaruhusiwa kupotoka asilimia 10 au 20 kutoka namba iliyoandikwa ubavuni, wakati ya plastiki mara nyingi haizidi asilimia 5. Pia elektroliti ina ukinzani wake wa ndani. Tuseme ni nusu omu. Ukiitoa ukaweka ya polipropilini, ambayo ukinzani wake ni kama hakuna, twita inapanda kama nusu desibeli. Sikio halikwambii "twita imepanda". Linakwambia "pazia limeondoka". Sasa funga rezista ya nusu omu mfululizo na hiyo kapasita yako mpya, na pazia litarudi. Kumbe ulinunua nusu desibeli kwa bei ya kapasita, na rezista ya bei ya pipi ingeweza kupanga kiwango hicho unavyotaka.

Halafu kuna macho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa sauti huko Marekani, walionyesha kwamba wasikilizaji walewale hutoa alama tofauti kwa spika zilezile pale wanapoziona na pale zinapofichwa. Hata wenye uzoefu miongoni mwao hawakusalimika. Mimi na wewe, tukiwa tumetoa fedha mfukoni na kushika risasi ya kulehemu jioni nzima, tutasikia tunachotaka kusikia. Nimejaribu hapa karakanani: spika mbili pacha, moja na elektroliti isiyo na ncha (yaani isiyo na upande wa chanya na hasi) niliyoichagua kwa mita, nyingine na polipropilini ya thamani ileile, sauti zimelinganishwa, pazia mbele. Wateja niliowasikilizisha walikisia tu.

Turudi kwa kijana wetu. Sikuzigusa kapasita zake. Niliweka maikrofoni ya kupimia mita moja mbele ya spika, nikafungua programu ya REW, ambayo ni ya bure, nikapima. Ugonjwa ukaonekana kwenye mchoro. Kuanzia hezi 500 kwenda chini mstari ulikuwa unateremka, na twita ilikuwa juu peke yake kama mlingoti.

Huo mteremko una sababu. Uso wa boksi lake una upana wa sentimita 23. Sauti za juu ya hezi 500 hivi zinagonga ule uso na kuja mbele kwa msikilizaji. Za chini ya hapo zinazunguka nyuma ya boksi, na unaweza kupoteza hadi desibeli 6. Ndiyo maana mtangazaji wa kiume alisikika kama anaongea kwenye simu. Krosova aliyonunua dukani, yaani saketi ya kapasita na koili inayogawa sauti kati ya wufa na twita, haijui chochote kuhusu upana wa boksi lake. Wala haiijui wufa yake. Imepigiwa hesabu ya omu 8 tupu, na hakuna wufa ya omu 8 tupu: ukiipima kwa mita inasoma kama omu 6, kwenye mtetemo wake wa asili inaruka kupita 30, na kwenye masafa ya juu inapanda tena kwa sababu ya koili yake yenyewe. Ukifunga krosova ya namna hiyo unabahatisha, hata kama kila kipande ndani yake kimetengenezwa kwa shaba safi.

Nikabadilisha koili ya wufa kutoka milihenri 0.5 kwenda 1.2, ili sehemu ya kati ishuke na ya chini ipate nafasi yake. Nikapima tena. Sasa twita ilizidi kwa desibeli 4. Nikafunga rezista mbili za simenti za wati 10: ya omu 3 mfululizo, na ya omu 15 sambamba na twita. Zile nyeupe za kawaida, zinazouzwa Kariakoo kwenye makopo. Kijana akaweka taarab aliyoizoea nyumbani kwao, akakaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Kapasita zake nilimrudishia zikiwa kwenye mfuko wake, akaziuze.

Usielewe kwamba nasema ufunge takataka. Kapasita ya mfululizo na twita mimi huweka ya plastiki, ile ya kawaida kabisa, kwa sababu haikauki na thamani yake inaaminika. Zile za sambamba kwenye wufa, elektroliti isiyo na ncha inatosha. Na tafadhali usitoe kapasita yenye ncha kwenye redio mbovu ukaifunga peke yake kwenye spika.

Ukibaki na fedha ya ziada, inunulie koili. Koili ya waya mwembamba inaweza kubeba ukinzani wa omu nzima. Wufa yenye ukinzani wa omu 6 ukiiongezea omu 0.6 tu, amplifaya inapunguza uwezo wa kuishika koni kwa karibu asilimia 10, na besi inalegea. Hapo waya mnene unalipa, na unapimika. Koili ya chuma ndani nayo inafaa kwa wufa, mradi chuma chenyewe kisiwe kidogo. Kikiwa kidogo, ukifungulia sauti kinashiba na besi inakwaruza.

Dhana: Waya maalumu wa spika hufungua sauti

Mita tano za waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa omu 0.115. Kwenye spika ya omu 8 unapoteza desibeli 0.12. Hakuna sikio linalolisikia hilo. Unene huohuo ndio unaofungwa kwenye taa za nyumba. Tafuta wa nyuzinyuzi usiokatika ukikunjwa, basi.

Dhana: Tamino (vishikio vya waya) za dhahabu huongeza ubora

Dhahabu haishiki kutu, ni hilo tu. Kwetu Pwani, ambako hewa ya chumvi inakula shaba, zina faida kidogo. Ila kusugua ncha za waya na kukaza skurubu mara moja kwa mwaka kunaleta matokeo yaleyale.

Dhana: Sumaku kubwa, besi kubwa

Mara nyingi ni kinyume. Sumaku yenye nguvu sana inaishika koni kwa ukali, na kwenye boksi dogo lililofungwa besi inapungua mapema. Wufa ya bei ghali iliyotengenezewa boksi la tundu la hewa, ukiibana ndani ya boksi la lita kumi, itapigwa na ya bei nusu inayolingana na boksi hilo. Usitazame uzito, tazama namba za Thiele na Small za wufa hiyo, zinazoonyesha itakavyofanya kazi ndani ya boksi, uziingize kwenye programu ya WinISD kabla hujalipa. Programu hiyo nayo ni ya bure.

Dhana: Boksi la mninga hutoa sauti tamu kuliko la MDF

Mninga ni mzuri kwa meza na kitanda. Lakini mbao nzima inapumua: masika inavimba, kiangazi inasinyaa, maungio yanaachia na boksi linavuja. MDF au plaiwudi nzuri inatulia, na kipande cha mbao ukikikatisha ndani kati ya kuta mbili kinanyamazisha mtikisiko kuliko kuongeza bei ya ubao. Kama boksi lako ni la kufungwa kabisa, lipime sasa hivi kwa mkono: sukuma koni ya wufa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, kisha iachie. Ikirudi polepole, hewa imeshikwa. Ikirudi mara moja, pana upenyo, na anza kuutafuta kwenye tamino za nyuma na kwenye ukingo wa wufa, kwa sababu hapo ndipo ninapoukuta karibu kila mara.