“Tumeelewana 40,000 mkononi” na dhana nyingine potofu kuhusu programu za mishahara

Simu iliingia saa mbili usiku. Mwenye karakana ya kushona sare za shule, mteja wangu hapa Nakuru, alikuwa na wasiwasi: “Mhasibu, hii programu uliyotuwekea inamkata fundi kodi kidogo. KRA watanimeza mzima.” KRA ndiyo mamlaka ya kodi hapa Kenya. Fundi wake mkuu analipwa 50,000. Jedwali lake la Excel lilikuwa likisema PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ni 6,483.35, na programu mpya ikasema 5,845.85. Tofauti ni shilingi 637.50, na kama wengi wetu aliamini kwamba kosa lazima liwe upande wa kile kipya.

Kosa lilikuwa kwenye Excel. Tangu sheria ya kodi ibadilishwe tarehe 27 Desemba 2024, makato ya bima ya afya ya SHIF na ada ya nyumba (ile ya kujenga nyumba za bei nafuu) hutolewa kwanza kwenye mshahara, ndipo kodi ipigwe kwa kilichobaki. Mtu fulani katika karakana ile alisikia nusu ya habari: akafuta afueni (punguzo) za zamani za kodi zilizoondolewa, akasahau kuanza kutoa makato yenyewe. Kwa miezi kadhaa fundi alikuwa anailipa serikali asichodaiwa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu karibu kila anayenijia kuulizia programu ya mishahara huja na mambo kadhaa ambayo ameshayakubali kama kweli, na mengi si kweli.

“Sisi ni watano tu, Excel inatosha”

Sina ugomvi na Excel. Kama una wafanyakazi wawili wa mshahara usiobadilika, na una mtu wa kufuatilia sheria, itakufaa. Lakini idadi ya watu siyo inayoleta taabu. Taabu ni viwango vinavyohama. Hebu hesabu: mwaka 2023 NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ilianza kukata kwa viwango vya sheria ya 2013, na tangu hapo kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa kimekuwa kikipanda kila Februari, kutoka 18,000 hadi 36,000, kisha 72,000 mwaka 2025. Ada ya nyumba ilianza Julai 2023, Mahakama Kuu ikasema Novemba kwamba inakiuka Katiba, ikarudi na sheria yake mpya Machi 2024. Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya zamani, ikaondoka, SHIF ikaingia, na badala ya jedwali la viwango tukapata asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kisha Desemba ile niliyoitaja. Anayelipa watu watano amepitia mabadiliko yaleyale ya anayelipa mia tano, tofauti ni kwamba yeye hana idara ya wafanyakazi.

“Tumeelewana 40,000 mkononi”

Hapa ndipo panaponiumiza kichwa kuliko pengine popote. Mwajiri na mfanyakazi hupatana kwa mdomo kiasi cha kupokea mkononi, halafu siku ya kupanga programu mtu anachapa 40,000 kwenye sehemu ya mshahara wa msingi. Mwisho wa mwezi mfanyakazi anapata pungufu kwa maelfu, na lawama inaenda kwa programu.

Tuirudie hesabu kwa viwango vya 2025. Ukimwandika mtu 50,000, NSSF itachukua 3,000, SHIF 1,375, ada ya nyumba 750. Kinachotozwa kodi kinabaki 44,875. Kodi yake, baada ya afueni ya 2,400, ni ile 5,845.85. Mkononi anapata 39,029.15. Kwa hiyo 50,000 bado haijafika 40,000 mliyopatana! Ili apokee 40,000 kamili, mshahara ulioandikwa kwenye mkataba unapaswa kuwa kama 51,545.

Na hapo hatujagusa mfuko wako wewe mwajiri. NSSF unalipa sawa na yake, ada ya nyumba asilimia 1.5 kama yake, na ada ya mafunzo ya viwandani ya NITA shilingi 50 kwa kila kichwa. Mfanyakazi wa “40,000 mkononi” anakutoka 55,461 kwa mwezi. Nimewahi kumwonyesha mama mmoja mwenye hoteli namba hii kwenye simu yangu, akanyamaza, akaomba chai kwanza.

Baadhi ya programu zina uwezo wa kupiga hesabu kinyumenyume: unaiambia kiasi cha mkononi, inakutafutia mshahara kamili. Ni uwezo mzuri, ila usiutegemee kila mwezi, kwa sababu sheria ikibadilika mshahara wa maandishi nao utacheza. Utumie mara moja tu kupata kiasi, kiandikeni kwenye mkataba kama mshahara kabla ya makato, kisha mwache mfanyakazi akatwe kama Wakenya wengine.

“Ikishawekwa inajiendesha”

Programu inakokotoa, inachapisha hati za mshahara na kukutengenezea faili la kupakia kwenye iTax, tovuti ya KRA ya kulipia kodi. Kulipakia na kulipa ni kazi ya mtu, na PAYE inatakiwa kufika kabla tarehe 9 ya mwezi unaofuata haijapita. Ukichelewa, faini inaandikwa kwenye PIN yako, namba yako ya kodi. Hakuna mahali pa kuandika “programu ilikwama”. Vivyo hivyo ikikokotoa vibaya, anayedaiwa ni mwajiri, hata kama muuzaji atakuomba msamaha kwa barua pepe tamu.

Kuna kosa jingine la siku ya kupanga ambalo halionekani kwa macho. Kila malipo unayoyaongeza, iwe marupurupu ya nyumba, nauli, saa za ziada au kamisheni, programu itakuuliza: yatozwe kodi? yahesabiwe kwenye SHIF? kwenye NSSF? Ni visanduku vidogo vya kuweka alama, na watu huvipita kama wanavyopita masharti ya matumizi. Kisanduku kimoja kikiachwa wazi kwenye kamisheni, kosa hilo litajirudia kwa kila muuzaji wako, kila mwezi, bila kelele. Ninapoweka programu kwa mteja, saa nyingi huishia hapa. Majina na namba za simu anaweza kuchapa karani yeyote.

“Yenye jina kubwa duniani ndiyo bora”

Si lazima. Muulize muuzaji swali moja: “Niingizie mshahara wa 50,000 hapa mbele yangu.” Asipopata majibu niliyoyaandika juu, au ya viwango vipya vya siku hiyo kama vimebadilika, mshukuru uondoke. Programu ya ng’ambo isiyoijua SHIF itakulazimisha kuunda makato kwa mkono, na hapo umerudi kwenye Excel, sema tu unailipia kwa dola.

“Tunaanza Agosti, ya nyuma yamepita”

Kuanza katikati ya mwaka hakuna ubaya, na anayekwambia usubiri Januari anakupotezea miezi. Ubaya ni kuanza Agosti kana kwamba Januari hadi Julai haikuwepo. Mwaka ukiisha programu itatoa fomu P9 ya kila mfanyakazi, karatasi anayoitumia kujaza ritani yake kabla ya tarehe 30 Juni. P9 hiyo itaonyesha miezi mitano tu. Mfanyakazi atakuja ofisini kwako na karatasi yenye nusu ya mshahara wake, huku iTax ikiwa na rekodi ya mwaka mzima, na mtaanza kutafuta hati za Machi kwenye droo.

Kabla ya kubonyeza chochote, kusanya kwa kila mtu: mshahara uliolipwa kila mwezi tangu Januari, PAYE, NSSF, SHIF na ada ya nyumba zilizokatwa, salio la mkopo au advansi, na siku za likizo zilizobaki. Sheria inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Ukiingiza sifuri, umemnyang’anya. Ukiacha programu ijaze yenyewe, huenda umempa mara mbili. Namba za PIN, za NSSF na za SHA (mamlaka inayosimamia SHIF) zikague moja moja kwenye hati zenyewe, usinakili kutoka kwenye orodha ya zamani. Orodha ya zamani ndiyo iliyokuwa na kosa.

Kisha endesha njia zote mbili kwa miezi miwili. Walipe watu kwa njia ya zamani, huku programu ikikokotoa pembeni, na ulinganishe mtu kwa mtu hadi senti. Watu hulinganisha jumla, wakiona zimekaribiana wanatosheka. Jumla hudanganya: mmoja akizidi 300 na mwingine akipungukiwa 300, jumla itakuambia kila kitu ni shwari. Na tofauti ikitokea, usikimbilie kuirekebisha programu ifanane na ya zamani. Mwenye karakana alitaka nifanye hivyo hasa.

“Vibarua hawaingii humo”

Kibarua wa siku mbili za kupakua mizigo, sawa. Lakini yule “kibarua” aliyekuja Februari na bado yupo Juni, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtazama tofauti: siku zake za mfululizo zikijumlika kufika mwezi mmoja, anahesabiwa kama mwenye mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Mwingize.

Na tukiwa kwenye sheria hiyohiyo: makato yote ya mtu, pamoja na mkopo wa sacco na advansi, hayaruhusiwi kuvuka theluthi mbili za mshahara wake. Programu nyingi zina swichi ya kukuonya. Nyingi huja ikiwa imezimwa. Iwashe. Kukata mtu kwa sahani iliyovunjika kwa bahati mbaya nako hakuruhusiwi, hata kama programu ina sehemu nzuri iitwayo “makato mengine”.

“Nywila moja inatutosha”

Anayeingiza wafanyakazi wapya asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Mkiwa wawili tu ofisini, mmoja aandae, mwenye biashara aidhinishe kwa nywila yake mwenyewe. Ukilipa kwa M-Pesa kwa mkupuo, hakikisha jina linalotokea linafanana na la mfanyakazi, maana tarakimu moja ikiteleza mshahara unaenda kwa mtu wa Kitale usiyemjua. Na karani akiacha kazi, akaunti yake izimwe siku hiyohiyo. Taarifa za mishahara ni data binafsi chini ya sheria ya 2019, na zikivuja hutaweza kusema hukujua.

“Tukilipia, imekuwa yetu”

Nyingi siku hizi hulipiwa kwa mwezi, kwa kila mfanyakazi. Bei ya tangazo mara nyingi haihesabu ada ya kuwekewa, mafunzo, wala kifurushi kinachotoa faili la iTax. Uliza vyote, na uandikiwe. Lakini swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: nikiacha kulipa, rekodi zangu naziona? Sheria ya kodi inataka uzihifadhi miaka 5, na muuzaji anaweza kukufungia mlango siku ya pili baada ya bili kukosa kulipwa. Ndiyo maana kila mwezi, malipo yakishatoka, nawapakulia wateja wangu orodha ya mishahara, hati za kila mtu na risiti za iTax, tunazitia kwenye folda yenye jina la mwezi kwenye kompyuta yao wenyewe. Ya karakana ya sare inaanza na folda ya Januari iliyojaa hati zilizosahihishwa, na ndani yake barua fupi kwa fundi mkuu ikimweleza zile 637.50 za kila mwezi zilikoenda.