CT skani iko safi, mbona kazi haiendi?

Mtu akigonga kichwa na majibu ya CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, yakitoka safi, nyumbani watu hushusha pumzi. Damu haijavuja, fuvu halijapasuka. Siku chache baadaye mgonjwa yuleyule analetwa kwangu: kelele zinamkera, mwanga unamchoma macho, anasahau alichotumwa, na ndugu wameshaanza kunong'ona kwamba anadeka. Hadeki. Mtikisiko wa ubongo huvuruga utendaji wa seli, na picha ile kwa kawaida hailioni hilo. (Akitapika mfululizo, akisinzia asiamshike, akishikwa na degedege au upande mmoja wa mwili ukilegea, acha kusoma, mkimbize hospitali.)

Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo: namsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku. Swali langu la kwanza huwa: tangu unapoamka, siku yako inaendaje?

Zamani mgonjwa aliambiwa ajifungie gizani mpaka dalili ziishe. Wataalamu wa majeraha ya michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri vingine: pumzika kiasi kwa saa 24 hadi 48, punguza simu na televisheni, kisha anza kutembea na kurudia shughuli nyepesi. Dalili zipe alama kati ya 0 na 10. Zikipanda kwa alama mbili au chini ya hapo, na zikatulia ndani ya saa moja, endelea. Zikizidi, punguza kasi.

Chukua wakala wa fedha kwa simu. Kazi yake mtu huiona ya kukaa tu. Ila tukiichambua: anasoma kioo kidogo juani, anakumbuka namba aliyotajiwa mara moja, anahesabu noti huku wateja wawili wanamsemesha, na pikipiki zinapiga honi nyuma yake. Kwa ubongo uliotikisika huo ni mzigo. Basi tunaugawa. Anafungua asubuhi mapema wateja wakiwa wachache, anavaa kofia, anageuza kiti ili jua lisipige kioo. Namba anaiandika daftarini kwanza, ndipo aibonyeze. Anapumzika kwa kufuata saa, kabla kichwa hakijaanza kugonga. Hapa ndipo wengi wanaponibishia, kwa sababu kupumzika ukiwa bado una nguvu kunaonekana uvivu.

Dereva wa bodaboda ndiye ninayemchelewesha zaidi. Bosi anataka hesabu ya kila siku, najua. Lakini kugeuza shingo haraka, kukadiria umbali wa daladala na kufunga breki kwa wakati ndiyo mambo yanayolegea, na akianguka tena kabla hajapona, ubongo unaweza kuumia vibaya zaidi. Kwa hiyo huomba ruhusa yake nizungumze na bosi mwenyewe: hesabu isimame kwa muda, na kijana akirudi aanze mchana, bila abiria, kwenye barabara za mtaani. Wapo mabosi wanaokubali. Asiyekubali, namwandikia daktari ili cheti cha mapumziko kiongezwe muda.