Ufanisi wa chanjo: hiyo asilimia 68 ni ya nini?

Kauli hii naisikia redioni, naisoma kwenye makundi ya WhatsApp, na wanaoitoa mara nyingi ni watu waliosoma vizuri: "Chanjo mpya ya malaria ina ufanisi wa asilimia 68, kwa hiyo watoto 32 kati ya kila 100 waliochanjwa wataugua." Sivyo. Na kosa lenyewe si dogo, maana mzazi akishaambiwa hivyo huona safari ya kliniki haina faida.

Ufanisi wa chanjo ni kiasi ambacho ugonjwa umepungua kwa waliochanjwa ukilinganisha na wasiochanjwa, mahali palepale na katika muda uleule. Basi.

Tuseme mahali fulani watoto 50 kati ya 100 wasiochanjwa huugua malaria kwa mwaka. Chanjo yenye ufanisi wa asilimia 68 ingewapunguza hadi 16. Penye mbu wachache, ambako wangeugua 10, wangebaki kama 3. Chanjo ni ileile na asilimia ni ileile, lakini huku wagonjwa 16, kule 3. Ile 32 haipo popote.

Asilimia hiyo imetoka kwenye jaribio la R21, chanjo iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford. Walishiriki zaidi ya watoto 4,800 wa miezi 5 hadi 36 katika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na matokeo yakachapishwa 2024. Kwa kila watoto wawili waliopata R21, mwingine mmoja alichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa badala yake. Wengi hushangaa: kichaa cha mbwa kinahusiana nini na malaria? Hakihusiani, na ndiyo maana kilichaguliwa. Kundi la pili nalo lazima lichomwe sindano, ili mzazi na daktari anayempima mtoto wasijue nani kapewa ipi. Mama akijua mwanawe kapata ya malaria anaweza kulegeza chandarua, na hapo ulinganisho umeharibika. Tena mtoto wa kundi hilo hakuondoka mikono mitupu. Alipata kinga ya ugonjwa mwingine unaoua.

Sehemu zenye malaria mwaka mzima, Kilifi na Bagamoyo zikiwamo, ufanisi ulikuwa asilimia 68. Kwenye malaria ya msimu, watoto walichanjwa kabla ya msimu kuanza, na ufanisi ukafika 75. Zote mbili ni hesabu za miezi 12 baada ya dozi ya tatu.

Huo muda ndio watu wanaoudondosha, na hapo ndipo ninapokereka zaidi. Husemwa kwamba RTS,S, chanjo iliyotangulia, ilikuwa na 36 tu, kwa hiyo R21 ni karibu mara mbili yake. Lakini 36 ile ni ya watoto waliopata dozi nne na kufuatiliwa kwa takriban miaka minne, na kinga ya chanjo hizi hupungua kadiri muda unavyokwenda. Katika miezi 12 ya kwanza, RTS,S nayo ilipata takriban 56 kwa watoto wa miezi 5 hadi 17. Hata 56 na 68 haziwekwi kwenye mzani mmoja, kwa sababu ni majaribio tofauti, ya miaka tofauti na sehemu tofauti. Shirika la Afya Duniani, lililopendekeza RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, limesema hakuna ushahidi kwamba moja inaishinda nyingine.

Kwa hiyo anayekwambia 32 wataugua, mrekebishe taratibu: katika mwaka ule wa kwanza, uwezekano wa mtoto aliyechanjwa kuugua ulikuwa karibu theluthi moja ya ule wa mwenzake wa mahali hapohapo ambaye hakuchanjwa. Na kwa kuwa haukuwa sifuri, chandarua kisitolewe kitandani.