Makala ya Sanaa kwenye Televisheni: Ni Nini, na Inafanyaje Kazi?

Mtu akienda na kamera kwenye ufunguzi wa maonesho ya picha, akamhoji mgeni rasmi, akachukua utepe unavyokatwa na wageni wanavyokunywa soda, ameleta habari. Itarushwa usiku, dakika moja na ushee, na kesho yake hakuna anayeikumbuka. Makala ya sanaa ni jambo jingine. Ni kipindi au filamu ya hali halisi ambayo mhusika wake mkuu ni kazi ya sanaa yenyewe: ilitengenezwa vipi, na nani, kwa fedha za nani, ikapita mikono ipi hadi ikafika ukutani au ndani ya kabati la kioo. Mgeni rasmi anaweza asionekane kabisa, na hakuna atakayemuulizia.

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kuielezea tofauti hiyo. Mji una TaSUBa, chuo kinachofundisha sanaa tangu mwaka 1981, una magofu ya Kaole, una milango ya nakshi, una vibanda vya wachongaji na wachoraji. Wakati wa tamasha la sanaa la mji kamera huwa nyingi. Nyingi huondoka na habari.

Makala zenyewe ziko za aina mbili. Ya kwanza hufuata maonesho fulani. Mfano unaojulikana ni wa Novemba 2011, pale maonesho ya Leonardo da Vinci katika jumba la National Gallery, London, yaliporushwa moja kwa moja kwenye kumbi za sinema kwa ajili ya watu ambao wasingeweza kufika. Tangu hapo filamu za namna hiyo zimekuwa biashara kamili. Zinapendeza, kwa sababu kamera huingia wakati umati haupo na kuikaribia picha kuliko mlinzi atakavyokuruhusu wewe. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi jumba lenyewe ni mshirika katika kazi. Linafungua milango, linatoa wataalamu wake wahojiwe. Ni nani humo atakayesema maonesho yamepwaya? Mimi aina hii naiona tamu kwa macho na nyepesi kwa hoja.

Aina ya pili ni historia ya sanaa, na humo ndimo kuna mambo.

Lakini kwanza kamera. Picha ya kuchorwa haitembei, na televisheni haivumilii kitu kisichotembea. Kwa hiyo mtengenezaji huisogeza kamera: inaanzia kwenye kona, inapanda taratibu, inatua usoni. Mwaka 1948 Alain Resnais alitengeneza filamu fupi kuhusu Van Gogh kwa njia hiyo, tena kwa rangi nyeusi na nyeupe, mchoraji mwenyewe akiwa ndiye yule wa manjano inayowaka! Mtazamaji alitembezwa ndani ya michoro utadhani ni mitaa na mashamba. Ni ufundi mkubwa, ila ujue umeshapangiwa: kipi ukione mwanzo, kipi mwisho, na kwa sekunde ngapi. Mtu aliyesimama mbele ya picha yenyewe hujipangia mwenyewe.

Uchukue sasa mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Ukiuchukua saa sita mchana, jua likiwa utosini na barabara inameremeta, nakshi hulala na mbao huonekana bapa. Ukingoja mwanga wa kupita ubavuni, kila mchoro wa patasi unapata kivuli chake: maua ya duara kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, mnyororo uliochongwa kufuata miimo, njumu za shaba kwenye milango ya mtindo wa Kihindi. Hapo kamera imefanya kazi ambayo jicho la mpita njia halifanyi. Ila ukikaa kwenye maua dakika nzima, mtazamaji hatajua mlango una ukubwa gani, uko upande gani wa nyumba, wala kwamba watoto wameketi kizingitini wanacheza. Ukubwa na mahali ndivyo vitu vya kwanza kupotea kwenye skrini. Mtengenezaji mzuri humwacha mtu apite mbele ya mlango, kipimo kikaonekana chenyewe.

Kuna na jambo ambalo filamu inaliweza na makumbusho hayaliwezi. Kaole yapo makaburi ya nguzo ambayo zamani yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye jiwe. Leo kinachoonekana kwenye nguzo ni vishimo vyake. Chombo kikishawekwa ndani ya kioo kimetenganishwa na kaburi. Ukikitazama kioo hulioni shimo, ukilitazama shimo hukioni chombo. Mhariri anaviunganisha kwa mkato mmoja tu, shimo halafu bakuli, na mtazamaji anaelewa pasipo mtu kufungua mdomo.

Mdomo ukifunguliwa ndipo makala inapopata msimamo, kwa sababu sauti ya msimulizi ndiyo inayoamua kitu kiwe nini. Mwaka 1969 BBC ilirusha mfululizo wa vipindi 13 wa Kenneth Clark, mwanahistoria wa sanaa wa Uingereza, uitwao Civilisation, kwa rangi, na ukawa kipimo cha vipindi vya sanaa kwa miaka mingi. (Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni; tuliipata 1994, kwa hiyo wengi wetu tumeuona kwenye simu.) Clark anasimama amevaa suti, anaongea kwa utulivu wa mtu asiyetarajia kubishiwa. Katika kipindi cha kwanza kabisa anaweka barakoa ya Kiafrika kando ya sanamu ya Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, kisha anamwambia mtazamaji kuwa Apollo ndiye anayewakilisha ustaarabu wa juu zaidi. Barakoa ilichongwa na nani, ilifikaje Uingereza, hayo hayana nafasi.

Miaka mitatu baadaye, 1972, mhakiki wa sanaa John Berger akaja na vipindi vinne vya Ways of Seeing, kwenye shirika lilelile. Anaanza kwa kuchukua kisu na kukata uso kwenye nakala ya mchoro wa Botticelli, mchoraji wa zamani wa Italia. Alitaka watu waone kwamba televisheni inapotoa kipande cha picha imeshabadilisha maana yake, na kwamba yeye mwenyewe, msimulizi, naye wamtilie shaka. Mfululizo wa Clark ni mzuri kuutazama. Wa Berger unakufundisha kutazama hata huo wa Clark.

Na kabla ya wote wawili kulikuwa na filamu ya 1953 ya Chris Marker na Resnais huyohuyo, iliyoagizwa na jarida la Présence Africaine. Ilihusu vinyago na sanamu za Afrika zilizokaa kwenye makabati ya Ulaya, na ilisema wazi kwamba ukoloni ndio ulioziua. Serikali ya Ufaransa ikaizuia kwa miaka mingi isioneshwe nzima. Kitu kilekile, basi: kwa mmoja ni mfano wa ustaarabu wa chini, kwa wengine ni ushahidi wa unyang'anyi.

Mwaka 2024 Mati Diop akaongeza njia nyingine katika Dahomey, filamu iliyopata tuzo kuu ya tamasha la Berlin. Inafuata vitu 26 ambavyo Ufaransa ilivirudisha Benin mwaka 2021, na kimoja kati yake, sanamu ya mfalme, kinapewa sauti kiseme chenyewe kwa Kifon, lugha ya huko Benin. Kisha kamera inaingia chuoni na kuwaacha wanafunzi wabishane: je, vitu 26 ni heshima au ni dharau? Diop haamui.

Kwa milango ya Bagamoyo njia hiyo ingefaa kuliko ya Clark. Ule mnyororo kwenye miimo, mwongoza watalii mmoja atakwambia ulikuwa alama ya mwenye nyumba aliyefanya biashara ya watumwa. Wapo wanaosema ulikuwa kinga, wa kuifunga nyumba isiingiwe na mabaya. Makala ya haraka huchagua jibu la kwanza kwa kuwa linasisimua, ikaweka na muziki wa huzuni chini yake. Yenye subira ingemuuliza mwongoza watalii amelipata wapi hilo, ikaenda kwa fundi anayechonga milango leo, “Shikamoo fundi, huu mnyororo unauweka kwa nini?”, na kama akijibu kuwa anauweka kwa sababu mteja ameutaka, jibu hilo nalo likabaki ndani ya filamu.