Vipimo Safi, Mgonjwa Bado Anaumwa: Yanayosemwa Mtaani Kuhusu Shambulio la Hofu

Daladala ya Mbagala imejaa, dirisha halifunguki, na ghafla moyo unakwenda mbio kama umefukuzwa na mbwa. Jasho linakutoka, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana. Una hakika unakufa. Unashuka kituo kisicho chako, unakaa kivulini, na baada ya robo saa hali imetulia. Hospitali wanapima presha, sukari, malaria na moyo. Vyote safi. Mtaani, kila mtu ana maelezo yake.

"Huna kitu, ni mawazo tu."

Una kitu: shambulio la hofu. Mwili umemwaga adrenalini, homoni ile ile ambayo ingekusaidia kumkimbia nyoka. Moyo unaharakisha damu kwenye misuli, nawe unapumua kuliko mwili unavyohitaji. Kabonidioksidi inapungua kwenye damu, na huko kupungua ndiko kunakoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Dalili hupanda upesi, mara nyingi hufika kilele ndani ya dakika 10, kisha hushuka zenyewe. Humpata hata mtu aliyelala usingizi.

"Ni moyo huo."

Mara ya kwanza, ni busara kudhani hivyo. Maumivu ya kifua yapimwe, hasa kwa mwenye umri mkubwa, presha au kisukari, au yakija wakati wa kazi nzito na kushuka mkononi au kupanda tayani. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu na kushuka kwa sukari pia huleta dalili kama hizi. Miraa nayo, kahawa, na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. (Swali la miraa huulizwa mara chache, nadhani kwa kumstahi mzee wa watu.) Lakini ukishapimwa vizuri, kipimo cha tano cha moyo hakitibu chochote. Kitakutuliza wiki moja tu.

"Mshikeni, atazimia!"

Ni nadra. Kuzimia huja presha ikishuka. Kwenye shambulio la hofu kwa kawaida hupanda.

"Apumulie kwenye mfuko."

Acheni. Kama kumbe ni pumu au moyo, mnamnyima hewa anayoihitaji. Kaa naye, ongea polepole, mwache atoe pumzi taratibu.

"Ana jini."

Sina ugomvi na dua. Kuna watu inawatuliza kweli. Shida huanza mgonjwa anapofungiwa chumba chenye moshi wa ubani huku pumzi imeshambana, au anapoambiwa atupe dawa. Tena ukishamwambia mtu ana jini, kila mapigo ya moyo yanakuwa ushahidi. Kusomewa na kwenda kliniki vinaweza kwenda pamoja.

"Usipande tena daladala, utapona."

Huu ndio ushauri wa upendo unaodhuru kuliko yote. Shambulio moja si ugonjwa. Wengi hulipata mara moja na maisha yakaendelea. Ugonjwa wa hofu ni pale mashambulio yanapojirudia bila sababu ya wazi, kisha mtu akaishi mwezi au zaidi akiliogopa lijalo, au akabadili maisha kulikwepa. Leo umeacha daladala, kesho Kariakoo, keshokutwa msikitini unakaa mlangoni. Kila unapokwepa, hofu inapungua papo hapo, na ubongo unajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza mzunguko huu: mtu anahisi moyo ukidunda, anautafsiri kama kifo, hofu inaongezeka, moyo unadunda zaidi. Tiba ya mazungumzo inayofuata njia hiyo inashangaza kidogo. Mtaalamu anaweza kukuambia ukimbie ngazi ili moyo uende mbio makusudi, au uzunguke kwenye kiti hadi upate kizunguzungu, uone mwenyewe kwamba hufi. Kisha unapanda daladala kituo kimoja. Kesho viwili.

"Ukianza dawa huachi."

Inategemea ipi. Diazepamu hutuliza upesi, lakini ukiizoea kila siku mwili unaweza kuitegemea, hivyo usijinunulie dukani. Fluoksetini na setralini hazileti uraibu wa namna hiyo. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, siku za mwanzo zaweza kuongeza wasiwasi, na huachwa polepole kwa maelekezo ya daktari.

"Kliniki ya akili ni ya vichaa."

Utani wa "atapelekwa Mirembe", ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, umewafungia wengi nyumbani. Muhimbili, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Zanzibar huhudumia wagonjwa wa afya ya akili wanaokuja na kurudi makwao siku hiyo hiyo. Ukienda, andika kabisa kwenye karatasi: lilianza lini, lilidumu dakika ngapi, ulikuwa umekunywa au kutafuna nini, na ni sehemu zipi umeacha kwenda. Hilo la mwisho usilisahau. Daktari mwenye foleni ndefu huenda asikuulize.