Je, wajua kwa nini fundi hodari mara nyingi huandika maelekezo yasiyofuatika?

Mkulima wa Pemba aliyeanika karafuu tangu utotoni anaweza kuandika mtandaoni namna ya kuzikausha kwa maneno machache tu: chuma, chambua, anika mpaka zikauke. Kwake yeye hakuna kilichobaki. Lakini kijana aliyekulia mjini Unguja, kisha akarithi mikarafuu michache huko Wete, akiyasoma maelezo hayo hatajua kwamba karafuu huchumwa kabla hazijachanua, wala kwamba zikilundikwa mbichi kwa muda mrefu huvunda na kupauka. Zaidi ya yote, hatajua neno "zikauke" lina maana gani mkononi. Ataufunga ukurasa akatafute kwengine.

Kwa nini anayejua zaidi ndiye anayeruka hatua nyingi zaidi? Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Elizabeth Newton aliwataka watu wagonge meza kwa vidole wakifuata mdundo wa nyimbo zinazojulikana na wengi, na wenzao wazitambue. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, wasikilizaji walizitambua 3 tu, ilhali wagongaji walikuwa wametabiri kwamba nusu zingetambuliwa. Mgongaji husikia wimbo mzima kichwani mwake, sauti na maneno yake, na hawezi kujizuia kuusikia; msikilizaji hupata ko-ko-ko ya meza peke yake. Mwandishi wa maelekezo yumo katika hali hiyo hiyo, kwani mkono uliokwisha kuzoea kazi hauhitaji tena maneno, na hatua isiyopita katika maneno haifiki kwenye karatasi. Ndiyo maana mama anayepika urojo kila siku atakwambia utie unga "kiasi", na kwa haki kabisa, kwa sababu jicho lake linakijua kiasi hicho.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni kumweka karibu mtu asiyeijua kazi, kumwacha aifanye kwa kufuata maandishi yako bila ya wewe kufungua mdomo, na kuandika kila pahali anapokwama. Ni zoezi linalouma, maana utatamani sana kumsaidia. Insha nayo hupotea kwa njia hii hii: mwandishi amelitafakari jambo muda mrefu, akaandika hitimisho na kuisahau njia iliyomfikisha.

Hata hivyo, maelekezo yaliyokamilika hayatamfaa asiyeyaona. Utafiti wa John Morkes na Jakob Nielsen wa mwaka 1997 ulionesha kuwa asilimia 79 ya watu waliochunguzwa walipitisha macho juu juu kila walipofungua ukurasa mpya wa intaneti, badala ya kusoma neno kwa neno. Kwa hiyo kichwa cha habari na sentensi za mwanzo ndizo zinazopaswa kubeba kile msomaji alichokijia. Tena msomaji hutafuta kwa maneno yake mwenyewe: hakuna kijana wa Wete atakayeandika "usindikaji wa zao baada ya mavuno" kwenye simu yake, bali ataandika "kuanika karafuu", na kichwa kisicho na maneno hayo kitampita. Neno la wenyeji kama makonyo lisiondolewe kwa kumwonea haya msomaji wa mbali; lielezwe mara moja kuwa ni vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, kisha litumike.

Basi yale maelekezo ya mkulima wetu, badala ya kusema "anika mpaka zikauke", yangesema: zitandaze juu ya jamvi kwa tabaka jembamba, zigeuze mara kwa mara, zianue kabla ya mvua na jioni, na baada ya siku kadhaa za jua chukua karafuu moja uikunje kwa vidole, ikipinda, irudishe juani, na ikikatika kwa mlio, tia guniani.